Lubao mbwa anaulizwa ukoo, wimbi je?

Ukitoka Kakamega mjini kwa matatu ya kuelekea Webuye, unapita Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, halafu kabla hujamaliza kusoma meseji zako makanga anaita, "Lubao! Lubao wa kushuka!" Ukishuka siku ya soko, hutasikia kwanza muziki wala mhubiri. Utasikia mbwa.

Kama wewe ni wa Magharibi, soko la mbwa la Lubao unalijua tangu utotoni. Kama si wa huko, huenda umewahi kuona picha zake kwenye simu ukacheka. Mbwa wamefungwa kamba, wengine minyororo, wengine wamebebwa kifuani kama watoto wachanga. Wakulima huja kutafuta wa kulinda boma, vijana huja kutafuta wa kujivunia mtaani, na wengine, kama mimi, huja kutazama tu.

Sasa tega sikio uwasikie wanunuzi. Hakuna anayetoa pesa kabla hajauliza habari za mama. Mama yake yuko wapi? Alizaa wangapi? Ni mkali ama ni wa kulala? Nilimsikia mzee mmoja akifuatilia ukoo wa mbwa mwekundu hadi kwa nyanya yake, ati huyo nyanya aliwahi kumshika mwizi wa kuku suruali isitoke mdomoni hadi asubuhi. Bei ikapanda papo hapo.

Hatua chache kutoka hapo alikuwa ameketi mama muuza nafaka. Mahindi, maharagwe, mtama, wimbi. Nikanunua gorogoro moja ya wimbi, nikamuuliza kwa heshima, "Mama, wimbi huu ni wa aina gani? Umetoka wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kabila la chumvi. "Umetoka kwa lori," akasema.

Jibu hilo limekataa kunitoka kichwani, ndiyo maana unasoma makala haya.

Ngoja nikueleze kwa nini niliuliza swali la ajabu kiasi hicho. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa Nairobi, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yetu mmoja. Unazijua sherehe zenyewe: sahani kubwa, chakula kidogo, na kila mtu anapiga picha kabla ya kula. Jamaa yetu mmoja anafanya kazi ya kuhudumia mvinyo hotelini, na alikuja na chupa ya Chardonnay aliyoinunua kwa pesa ambazo kwetu zinalipa karo ya nusu muhula. Akaifungua, akamimina kidogo, akazungusha glasi. Halafu akaanza kusimulia.

Alituambia mwaka zabibu zilipovunwa. Alitaja shamba, na upande wa kilima ambao shamba hilo linatazama. Halafu, na hapa ndipo niliacha kula, akatuambia mizabibu yenyewe ilitokana na mizabibu ipi, nani aliikata matawi, akayasafirisha kutoka wapi, mwaka gani. Zaidi ya miaka 100 ya ukoo wa mmea, kichwani mwa kijana wa Kariobangi.

Niliona wivu. Mvinyo wenyewe niliuonja, na nikisema kweli ulinikumbusha siagi na ndimu. Wivu wangu ulikuwa wa hiyo hadithi. Nilijiuliza kuna kinywaji gani cha kwetu ninachoweza kukisimulia hivyo, kizazi baada ya kizazi, nikakosa.

Kwanza ujue hiyo Chardonnay ni nani, maana ukoo wake una funzo hata kama hujawahi kuionja na huna mpango wa kuionja.

Ni zabibu nyeupe ya Ufaransa, eneo la Burgundy, na huko kuna kijiji kiitwacho Chardonnay hadi leo. Kwa karne nyingi watu walibishana ilitoka wapi. Wengine walidai ililetwa na wapiganaji wa vita vya msalaba kutoka Mashariki ya Kati, hadithi tamu ya kusimulia mezani. Mwaka 1999 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, wakishirikiana na wenzao wa Ufaransa, walichapisha matokeo ya vipimo vya DNA. Mzazi mmoja wa Chardonnay alikuwa Pinot, zabibu ya wenye mashamba na heshima. Mzazi wa pili alikuwa Gouais blanc.

Gouais blanc ilikuwa zabibu ya watu wa chini. Wakulima maskini waliipanda kwenye ardhi ambayo matajiri hawakuitaka, kwa sababu ilizaa sana na haikuwa na maringo. Mvinyo wake ulidharauliwa, na mara kwa mara watawala walipiga marufuku isipandwe. Leo Ufaransa karibu imetoweka. Lakini kwa sababu maskini walikataa kuing'oa, iliota jirani na Pinot, chavua ikakutana, na mtoto aliyezaliwa ndiye huyu anayefunguliwa sherehe za Nairobi kwa pesa za karo.

Sasa jambo la pili, ambalo ni kubwa zaidi. Mzabibu haupandwi kwa mbegu ukitaka ubaki ule ule. Ukipanda mbegu ya Chardonnay utapata mtoto mwingine kabisa, kama vile wewe si baba yako. Ili uipate Chardonnay yenyewe, unakata kipande cha tawi ukakiotesha. Kwa hivyo kila mzabibu wa Chardonnay duniani ni kipande cha kipande cha kipande cha mmea mmoja wa kale. Katikati ya safari hiyo ndefu vipande hubadilika kidogo kidogo: huu unatoa matunda madogo yenye ladha kali, ule unazaa sana lakini ladha yake ni ya maji. Mkulima mwenye akili hupita shambani kabla ya mavuno, anafunga utepe kwenye mizabibu iliyompendeza, na akifika wakati wa kukata matawi anachukua ya hiyo tu.

Mwaka 1912 kijana mmoja wa California, Ernest Wente, alileta vipande vya Chardonnay kutoka Montpellier, Ufaransa, akavipanda kwenye shamba la familia yake huko Livermore. Akachagua, akapanda tena, akachagua. Halafu 1920 Marekani ikapiga marufuku pombe nchi nzima, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1933. Mashamba mengi ya zabibu yaling'olewa. Akina Wente walinusurika kwa kutengeneza mvinyo wa kanisani, mizabibu ikabaki ardhini. Leo sehemu kubwa ya Chardonnay ya California inatokana na vipande vya shamba hilo. Mwaka 1976, kwenye shindano la kuonja lililofanyika Paris bila majina kwenye chupa, Chardonnay ya California ya Chateau Montelena, ya mwaka 1973, ilizishinda zile za Burgundy mbele ya waamuzi Wafaransa. Walipofunuliwa walichokuwa wamekichagua, hawakufurahi hata kidogo.

Kwa hivyo yule jamaa wetu na glasi yake hakuwa anaringa bure. Alikuwa anataja watu waliokataa kuacha mmea ufe.

Kuna neno alilolisema mara nyingi usiku ule: kwamba chupa hii "inakaa". Inaweza kulala miaka 10 na zaidi, na ikizidi kulala inazidi kupendeza. Hapa nikuonye kidogo, maana najua wapo wenye chupa juu ya friji wakidhani inapanda thamani. Chardonnay nyingi zinazouzwa supamaketi zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka 2 au 3. Inayokaa ni ile yenye uchachu wa kutosha tangu shambani, iliyolala juu ya mashapo yake kwenye pipa la mwaloni, kisha ikahifadhiwa mahali penye giza na ubaridi wa nyuzi kama 13. Chupa yako ya juu ya friji, ndugu yangu, haikomai. Inaoza polepole. Na hata hao wakubwa wa Burgundy waliwahi kuaibika: mvinyo wao mweupe mwingi wa katikati ya miaka ya 1990 ulizeeka kabla ya siku zake, na wanunuzi waliokuwa wamesubiri miaka wakafungua chupa wakakuta rangi ya chai.

Haya, turudi Lubao. Kinywaji chetu ni busaa, amalwa kwa Kiluhya. Unga wa mahindi unalowekwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, unakaangwa juu ya bati hadi unanukia kama mkate ulioungua kidogo, kisha unatiwa maji na kimea cha wimbi. Kimea ndicho kinachofanya kazi. Bila wimbi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa, unachobaki nacho ni uji wa mahindi ulioungua. Baada ya siku mbili tatu inakuwa tayari. Wazee waliketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, oluseke, na mazungumzo ya mahari, ardhi na msiba yakapitia hapo.

Busaa haikai. Siku ya nne imeshakuwa kali, ya tano ni siki. Huwezi kuiweka kwenye chupa ukamfungulia mwanao akimaliza chuo. Kwa muda mrefu nilidhani hapo ndipo tulipopungukiwa, kwamba wenzetu wana cha kurithishana na sisi tuna cha kumalizwa kabla ya Jumapili.

Nilikosea. Kwetu kinachokaa ni mbegu. Punje za wimbi ni ndogo sana na ngumu, wadudu wa ghalani hawazipendi, na zikikaushwa vizuri hukaa miaka mingi bila kuharibika. Mababu walijua mwaka wa njaa mahindi yatakuwa yameshaliwa na fukusi, lakini wimbi utakuwepo. Na kuna jambo lingine ambalo nilijifunza nikiwa mtu mzima, likanikalisha chini. Ua la wimbi hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa. Maana yake, ukipanda wimbi wa nyanya yako unapata wimbi wa nyanya yako. Wa mama yake vilevile, na wa mama ya mama yake. Mfaransa analazimika kukata tawi ili ukoo usipotee. Nyanya yako alihitaji kuchagua suke tu.

Na alichagua. Hapa niseme habari za nyanya yangu mwenyewe, tuliyemwita Kukhu.

Kukhu alikuwa na shamba dogo la wimbi nyuma ya nyumba, si mbali na Lubao. Siku chache kabla ya mavuno alipita peke yake, hakutaka kelele za watoto. Alitafuta masuke yaliyokunjana kama ngumi, yaliyojaa hadi ncha, yenye punje za rangi ya kahawia inayokaribia weusi. Hayo aliyakata kwanza, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akayatundika jikoni juu ya mafiga. Moshi ukayapaka masizi mwaka mzima. Ukimwomba hata moja la kuchezea, ungechapwa. Hiyo ilikuwa mbegu. Wimbi wa kula na wa kimea ulikaa kwenye debe. Mbegu ilikaa juu ya moto.

Utepe wa Mfaransa na kamba ya mgomba ya Kukhu vilifanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba wa kule aliandika.

Mbegu ile ilikuwa na jina. Nimelisikia mara mia. Alikuja nayo alipoolewa, kutoka kwao, na alilitaja jina lake kila alipoigawia jirani. Sasa hivi nikiandika haya nimefumba macho najaribu kulikumbuka, na ninachopata ni sauti yake tu, neno halitoki.

Kukhu alifariki. Tuliporudi nyumbani kwa mazishi watu walikuwa wengi kuliko chakula, kama kawaida ya msiba wetu. Wanawake waliokuwa wakipika waliingia jikoni kwake kutafuta chochote. Kuna mtu aliniita, "Wewe ni mrefu, hebu tushushie hayo masuke." Nikapanda juu ya stuli, nikayashusha. Yalipukutwa, yakasagwa, yakawa uji wa waombolezaji asubuhi ya pili. Nilikunywa vikombe viwili. Ulikuwa mtamu, una harufu ya moshi, na hakuna aliyesema lolote kwa sababu hakuna aliyejua tulichokuwa tunakinywa.

Sitaki uone kama nakuletea machozi. Nakwambia kwa sababu nina hakika kuna jikoni ya kwenu ambako jambo hili limeshatokea, au litatokea, na anayeitwa kupanda stuli ni wewe.

Usidhani wimbi wa Lubao ulikufa kwa msiba mmoja. Ulishaanza kusukumwa zamani. Mahindi yalikuja yakachukua shamba na ugali. Miwa ikaja, kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, mabonde mengi ya Kakamega yakageuka kijani cha aina moja, na ukipita leo kuelekea Malava bado ni miwa kulia na kushoto. Wimbi una kazi nyingi: palizi yake ni adhabu, ndege wanaupenda, gugu la Striga hunyonya mizizi yake, na ugonjwa wa kuvu hukausha suke likiwa limesimama. Kijana yeyote mwenye akili timamu angekimbia. Sikulaumu, nami nilikimbia.

Kisha kuna fedheha. Enzi za Rais Moi serikali ilipiga vita pombe za kienyeji, na kabla yake mkoloni alikuwa ameshazifanya za aibu kwa vibali na misako. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliruhusu hata chang'aa itengenezwe kwa masharti, ila kijijini masharti hayo wameyasikia redioni tu. Wanachokijua ni askari na mitungi iliyomwagwa. Mama anayepika busaa hutazama barabarani huku anakoroga. Mtu anayejificha hataweka daftari la kuandika wimbi umetoka kwa nani. Ananunua ule wa lori, mchanganyiko wa mashamba hamsini, kutoka Uganda au Tanzania au kokote, na maisha yanaendelea.

Nitakujibu kabla hujaniandikia kwenye simu. Utasema pombe imeua vijana wetu, na mimi naisifu. Kweli, imeua. Nimezika watu wa rika langu. Waliuawa na vitu vya kuchanganywa gizani, vya kemikali, vya bei ya kumi kumi, ambavyo havina punje hata moja ya wimbi ndani yake. Na kama hunywi, vizuri, usianze kwa ajili yangu. Na kama hujafika miaka 18, hii si ruhusa. Wimbi wenyewe ni uji wa mtoto aliyeachishwa kunyonya, ni ugali wa mgonjwa na wa mama aliyejifungua. Gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300 za madini ya kalsiamu, jambo ambalo mahindi hayawezi kuota hata ndotoni. Mbegu ikipotea, vyote hivyo vinapotea na busaa.

Utasema pia kwamba wanasayansi wapo, tusihangaike. Ni kweli wapo, na nawavulia kofia. Kuna mbegu zilizoboreshwa, P-224, U-15, Gulu-E, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Kakamega kimefanya kazi na wimbi kwa miaka. Wakulima wanaozipanda huvuna zaidi, na mimi sitamwambia mtu mwenye ekari nusu aache mavuno kwa ajili ya kumbukumbu ya Kukhu wangu. Vilevile kuna benki ya taifa ya mbegu huko Muguga, Kiambu, ambako mbegu hukaushwa na kugandishwa zikae miaka na miaka. Pengine hata wimbi wa Kukhu umo humo, kwenye pakiti yenye namba.

Lakini namba haiwezi kukwambia kwamba huu ndio unaotoa kimea kitamu na ule ni wa uji, kwamba huu unavumilia udongo mbichi wa bondeni, kwamba huu ulikuja na bibi harusi. Mzabibu wa Wente ungekaa kwenye friji ya serikali tangu 1912, hakuna mtu angeujua. Uliishi kwa sababu ulipandwa, ukanywewa, ukabishaniwa, ukagawiwa jirani.

Na kugawia jirani, je, unajua kwamba hapa Kenya kuliwahi kuwa kosa? Sheria ya mbegu, kwa marekebisho ya 2012, ilimfanya mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa aweze kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1. Hebu fikiria. Kukhu angempa jirani kikombe cha wimbi, akashtakiwa pamoja na wezi. Wakulima wadogo 15 walikwenda kortini mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Siku hiyo mitandao yetu ilikuwa inazungumzia mambo mengine. Mimi mwenyewe niliiona habari hiyo nikapita. Ni baada ya lile jibu la lori ndipo nilirudi kuitafuta.

Wimbi ulianza kulimwa kwenye nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Ulivuka bahari hadi India, huko wanauita ragi, na leo wanaulima kwa wingi kuliko sisi, wanauza hadi biskuti zake. Sisi ndio Burgundy ya wimbi. Ukienda Dodoma, jirani zetu Watanzania wana zabibu zilizoletwa na wamishonari, wanavuna mara mbili kwa mwaka, wana kituo cha utafiti Makutupora, na hawaoni haya kuuita mvinyo wao kwa jina la mji wao. Zabibu ni mgeni kwao na wanamtaja kwa jina. Sisi mwenyeji wetu tunamwita "wa lori".

Ninachotaka kwako ni kidogo. Ukienda ushago Desemba, kabla hujaulizia nywila ya Wi-Fi, ingia jikoni kwa nyanya, kwa shosho, kwa kukhu, kwa dani, yeyote uliye naye. Tazama juu ya mafiga. Kama kuna kitu kimetundikwa, uliza jina lake, nani alikileta, kinafaa nini. Una simu yenye kamera nzuri kuliko yangu, rekodi. Omba kiganja kimoja. Usiweke kwenye mfuko wa plastiki, mbegu itatoa jasho. Weka kwenye bahasha ya karatasi au chupa kavu, andika jina, kijiji na mwaka. Kama una rafiki mwenye kiota cha vinywaji Kakamega au Nairobi, anayejisifu kwa vya asili, muulize wimbi wake ni upi. Akisema "ni wa kawaida tu", muulize tena wiki ijayo. Msumbue kama wanunuzi wa mbwa.

Mimi nilianzia kwa shangazi yangu, senje, aliyeolewa upande wa Malava. Nilikuwa sijafikiria kwamba kama Kukhu alikuja na mbegu alipoolewa, basi na binti yake huenda aliondoka nayo. Nilipomuuliza alicheka kwanza. Kisha akaingia ndani akatoka na kopo la zamani la maziwa ya unga, ndani yake wimbi wa kahawia unaokaribia weusi.

"Huu alinipa mama," akasema. "Lakini sijui kama ni ule ule. Miaka mingine nilichanganya na wa soko."

Jina? Alitaja moja, halafu akasita, akasema huenda hilo lilikuwa la mtama. Nililiandika hata hivyo, nikaweka alama ya kuuliza.

Tulipanda Machi, mvua zilipoanza, mistari sita tu pembeni ya mahindi yake. Sasa unafika magotini. Kuna gugu moja linalofanana na wimbi kama pacha, hata majani yake, na ukiwa mgeni wa kazi hii huwezi kuyatofautisha hadi suke litoke. Jumamosi iliyopita nilipalilia kwa bidii sana, jasho likanitoka, nikajiona mkulima. Senje akaja nyuma yangu, akaokota nilichong'oa, akakipanga kwenye kiganja: mashina saba ya wimbi, magugu mawili.

Hakunigombeza. Alinipokonya jembe, akanirudishia daftari langu, akaniambia nikae pale chini ya mparachichi niandike, yeye atapalilia.

"Wewe andika," akasema. "Halafu uje Agosti tutazame kama suke linakunja ngumi."